Kuonja si kulewa: sake ya Saijo na munkoyo ya kwetu

Ukitaja neno Sake mbele ya Mukongomani, wazo lake la kwanza linakwenda Kivu, kwenye muji mudogo ule ulio karibu na Goma, ambao jina lake tumelisikia redioni mara nyingi sana juu ya vita. Sake tunayotaka kuzungumuzia hapa ni nyingine. Ni pombe ya muchele ya Wajapani. Kwao wenyewe neno hilo ni jina la pombe yoyote. Ile ya muchele wanaiita nihonshu, ni kusema pombe ya Japani. Sisi tutafuata desturi ya watu wa inchi zingine na kuiita sake tu.

Musomaji anaweza kuuliza: mwalimu wa biolojia wa Lubumbashi anatafuta nini katika pombe ya Wajapani, tena katika kitabu hiki cha desturi zetu? Jibu ni fupi. Katika mwaka 2018 tulipata nafasi ya kufuata mafunzo ya walimu wa sayansi kule Hiroshima, majuma sita, na katika muda ule tulijifunza kuonja. Hatusemi kunywa. Kunywa tulikujua tangu zamani, sawa vile kila mutu aliyekomea katika kambi ya wafanyakazi wa mugodi. Kuonja ni ufundi mwingine, na ufundi huo ulitufungua macho juu ya kitu kilichokuwa ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Kusema kweli, jina la sake lilitufikia zamani kuliko safari ile. Baba yetu alifanya kazi Musoshi, katika eneo la Sakania, miaka ya 1970, wakati Wajapani walipochimba shaba kule na kampuni ya Sodimiza. Wajapani waliondoka mwaka 1983. Baba alipenda kutusimulia habari ya sikukuu moja ya mwaka mupya, ambapo mukubwa wake wa kazi, injinia, aliita wafanyakazi wake na kumupa kila mumoja kikombe kisichopita yai la kuku. Watu walichekelea: mutu muzima anapewa matone? Lakini baba alikuwa mutu wa kuangalia mambo. "Ile pombe haiko ya kulewa," alizoea kutuambia, "iko ya kuonja. Balikuwa banainywa polepole, sawa vile mutu anasikiliza habari." Baba alikufa mwaka 2009, na maneno yale yalibaki kwetu sawa vile hadisi za wazee zinavyobaki: unazikumbuka, lakini haujui uzitumie wapi.

Sasa twende Saijo. Kutoka Hiroshima unapanda treni kuelekea mashariki, na baada ya dakika 40 hivi unashuka Saijo, mutaa wa muji wa Higashi-Hiroshima. Ukitoka tu kituoni unaona mabomba ya moshi ya matofali mekundu, yameandikwa majina kwa herufi nyeupe. Mutu wa Lubumbashi akiona bomba la moshi anawaza mara moja lile la Gécamines na mulima mweusi ulio kando yake. Lakini haya ya Saijo ni ya viwanda vya sake. Viko 7, vimesimama karibu karibu, vyenye kuta nyeupe na vigae vyekundu, hata unaweza kuvitembelea vyote kwa miguu katika mangaribi moja. Juu ya milango wametundika tufe kubwa la majani ya muti unaofanana na muberoshi. Sake mupya inapotoka, wanatundika tufe bichi. Majani yanapokauka na kuwa ya rangi ya udongo, wapita njia wanajua kwamba sake inaendelea kukomaa. Hakuna haja ya kuandika tangazo.

Kiwanda tulichokipenda kupita vyote kinaitwa Kamotsuru, maana yake Korongo wa Kamo. Kamo ni jina la zamani la eneo lile. Jina hilo liko tangu mwaka 1873. Wenye kupenda habari za wakubwa watafurahi kujua kwamba katika mwezi wa 4 wa mwaka 2014, waziri mukuu wa Japani Shinzo Abe alipomualika raisi wa Marekani Barack Obama kula samaki katika hoteli ndogo ya Tokyo, sake ya kiwanda hiki ilikuwa mezani, ile yenye vipande vidogo vya zahabu ndani ya chupa, ambayo wanaitengeneza tangu mwaka 1958. Sisi zahabu ile haikutuvuta sana. Kwetu Kongo zahabu tunajua inavyoleta taabu. Tulichokipenda ni sake yao ya kawaida, ya muchele mutupu bila kuongezewa alkoli, na maji yao. Kwa maana pale Saijo viwanda vina visima ambavyo watu wa muji wanakuja kuchota na vidumu vyao, bila kulipa. Kiwanda kinachogawa maji yake kwa majirani, hata ukiwa mugeni, unakiamini.

Namna gani wanaonja? Wanakupa kikombe cheupe cha udongo, chini yake kumechorwa viduara viwili vya buluu. Si mapambo. Ukiangalia mupaka kati ya buluu na nyeupe unaona kama sake iko safi au ina ukungu, kama haina rangi au inaelekea rangi ya majani makavu. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza: macho. Ya pili ni pua. Ya tatu ni ulimi: unachukua kidogo, unakizungusha, unakiacha kitembee, halafu unameza na kungojea. Mama mumoja muzee aliyetuhudumia alitukataza kusema neno kabla ya kungojea. Alituita "sensei", maana yake mwalimu, na mwalimu alipaswa kutii sawa vile mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Katika kikombe cha kwanza tulisikia harufu ya ndizi mbivu. Tulizania tumekosa, kwa kuwa Saijo si inchi ya ndizi. Mama yule akatikisa kichwa kwa furaha: ndivyo ilivyo. Chachu ikifanya kazi katika baridi, polepole, juu ya muchele uliokobolewa sana, inazaa harufu za matunda, na mojawapo ni ile ile iliyo katika ndizi. Kikombe cha pili kilikuwa na harufu ya tufaa. Cha tatu kilikuwa cha muchele, cha mukate, cha nyumba wanamopika. Halafu akachukua kile cha tatu, akakipasha moto kidogo katika chupa ndogo ya udongo iliyowekwa ndani ya maji ya moto, na kile ambacho kilikuwa kikali kikawa chororo, kikashuka bila kubisha mulango. Pombe moja, tabia mbili. Kwa mwalimu wa sayansi, hapo ni somo zima.

Sake ina alkoli karibu asilimia 15 au 16, ni kusema mara tatu ya bira zetu nyingi. Kwa sababu hiyo vikombe ni vidogo, tena pembeni yake wanaweka chakula na glasi ya maji. Na kuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote: haujimiminii mwenyewe. Unaangalia kikombe cha mwenzako, kikipunguka unamumiminia; naye atakuangalia wewe. Mutu mwenye kunywa hivi hawezi kunywa peke yake kwenye kona, kwa kuwa anapaswa kuinua macho kila mara kuona jirani yake yuko namna gani.

Siku ile mama yule alituuliza tunatoka Kongo ya wapi. Tulimwambia: Katanga. Asubuhi tulikuwa tumetembelea makumbusho ya amani ya Hiroshima, na neno lilikuwa bado limetukaa moyoni. Tukamweleza kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika bomu la mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, si mbali na kwetu, na kwamba wazee wetu walioichimba hawakuambiwa ni ya kufanya nini. Alinyamaza muda murefu. Halafu akachukua chupa kwa mikono miwili akatumiminia. Nasi tukachukua chupa tukamumiminia. Hatukuwa na maneno mengine, na yeye pia hakuyatafuta.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotuhusu zaidi. Ndizi, miwa, asali, vyote hivi vina sukari ndani yake. Ukikamua na kungojea, chachu inakula sukari na pombe inatokea. Lakini muchele, mahindi, mutama na ulezi vina wanga, na chachu haili wanga. Lazima kwanza kitu fulani kikate wanga kuwa sukari. Watu wa dunia walipata njia mbalimbali za kufanya kazi hii. Ya zamani sana ni mate: kutafuna nafaka na kutema, na Wajapani wa kale pia waliifanya. Ya pili ni kuotesha mbegu, sawa vile mama zetu wanavyootesha mahindi au ulezi kwa kufanya pombe, na sawa vile viwanda vya bira vinavyofanya na shayiri. Ya tatu ndiyo ya Wajapani: kuvu linaloitwa koji.

Wanakoboa muchele mupaka kutoa gamba la inje na mafuta yake. Kwa sake za hali ya juu wanaondoa nusu ya punje au zaidi. Mashine ya kwanza ya Japani ya kukoboa muchele kwa nguvu ya mutambo ilitengenezwa pale pale Saijo mwaka 1896, na Satake Riichi. Wanaosha muchele, wanauloweka, wanaupika kwa muvuke. Sehemu moja wanaitandaza katika chumba chenye joto, wananyunyizia mbegu za koji, na kwa siku mbili hivi watu wanaichunga muchana na usiku, wakigeuza kwa mikono. Halafu wanachanganya koji, muchele, maji na chachu, si mara moja lakini kwa mafungu matatu, ili chachu isizidiwe. Ndani ya pipa kazi mbili zinafanyika pamoja: koji inakata wanga, chachu inakula sukari. Baada ya majuma matatu au zaidi wanakamua.

Na maji? Hapo ndipo Hiroshima ilipotaka kushindwa. Sake iliyosifiwa zamani ilitoka Nada, upande wa Kobe, ambako maji yana madini mengi yanayolisha chachu. Maji ya Hiroshima ni laini, hayana madini ya kutosha, na pombe iliharibika mara nyingi. Mutu mumoja wa Akitsu, jina lake Miura Senzaburo, alihangaika miaka mingi, akapata namna ya kukuza koji vizuri na kuiacha pombe ichache polepole katika baridi. Kile kilichokuwa upungufu kikazaa ladha laini. Lakini jambo linalotugusa zaidi ni hili: hakuficha. Katika mwaka 1898 aliandika yote katika kitabu na kuwafundisha wenzake, hata wale walioshindana naye sokoni. Katika mashindano ya kwanza ya inchi nzima, mwaka 1907, sake za Hiroshima zilishika nafasi za mbele.

Tuliporudi Lubumbashi tulileta chupa moja ya Kamotsuru, ya mililita 720, tukaipeleka kwa mama. Mama yetu ni mwenye miaka zaidi ya 70; masomo yake yalikoma katika mwaka wa nne wa shule ya musingi. Tulimueleza habari ya macho, pua na ulimi. Alifanya yote vizuri kutupita. Kwanza alimwanga tone chini, kwa ajili ya baba. Halafu akaonja, akangojea, akauliza:

"Banaitengeneza na nini?"

"Na muchele, mama."

"Muchele tu? Sukari basi inatoka wapi?"

Ndugu musomaji, tumefundisha biolojia zaidi ya miaka 15. Wanafunzi waliotuuliza swali hilo, kwa usahihi huo, tunaweza kuwahesabu kwa vidole vya mukono mumoja. Tulimweleza koji. Akasikiliza mupaka mwisho, akasema: "Aa, basi iko munkoyo yabo."

Na ni kweli. Wengi wetu katika Katanga ya kusini tumelelewa na munkoyo, lakini wangapi wanajua inafanya nini? Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe kidogo, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Baada ya muda mufupi uji muzito unakuwa mwepesi kama maji na unakuwa mutamu, bila mutu kutia hata kijiko kimoja cha sukari. Mizizi ile ina enzimu zinazokata wanga. Ni kazi ya koji, lakini inafanywa na mumea wa pori letu. Ukiinywa mapema ni kinywaji cha watoto na cha wagonjwa, sawa vile Wajapani wanavyo amazake, kinywaji kitamu cha koji kisicho na alkoli. Ukiiacha siku zaidi, inakuwa na uchachu na nguvu, ndiyo ya wakubwa na ya sherehe. Mama anajua muzizi mwema kwa kuuvunja na kuunusa. Anajua joto la uji kwa kuweka kidole. Ikiwa moto sana, anasema, "muzizi unakufa". Katika darasa tunasema kwamba joto linaharibu enzimu. Ni neno lile lile.

Tofauti ni moja. Katika mwaka 1904 serikali ya Japani ilianzisha taasisi ya kuchunguza sake. Tangu mwaka 1995 iko kule Higashi-Hiroshima. Katika mwezi wa 12 wa mwaka 2024, UNESCO iliandika ufundi wa sake na koji katika orodha ya urithi wa watu wote, sawa vile ilivyoandika rumba yetu ya Kongo mwaka 2021. Lakini ujuzi wa mama uko mikononi mwake tu. Wajukuu wake wanapenda sucré ya chupa. Na pori walimokwenda kuchimba mizizi, pande zote za Lubumbashi, limekatwa kwa ajili ya makala. Sasa mizizi inatoka mbali, na mununuzi asiyejua kunusa anauziwa chochote.

Tusidanganyane: hata kwa Wajapani mambo si rahisi. Utengenezaji wa sake ulifika kilele chake mwaka 1973, na tangu hapo umeshuka sana, hata haufiki tena theluthi moja ya kiasi cha wakati ule. Vijana wao wanapenda vinywaji vingine, na viwanda vingi vimefungwa. Wamelazimika kubadilika. Zamani, katika viwanda vingi, mwanamuke hakuruhusiwa hata kuingia. Leo kuna wanawake wakubwa wa kazi, kama Imada Miho wa Akitsu, ambaye shirika la BBC lilimutaja kati ya wanawake 100 wa mwaka 2020. Jambo hilo lilimchekesha mama: kwake, mwanaume kupika pombe ndilo jambo la ajabu.

Kuna wazazi watakaosoma maandiko haya na kusema: mwalimu anawasifia watoto pombe. Tunawaelewa. Tumezika mwenzetu wa kazi, mwalimu mwema wa hesabu, aliyemalizwa na lutuku kabla ya miaka 40. Tunaona vijana asubuhi, macho mekundu, wakinywa kile ambacho hakuna anayejua kimetengenezwa na nini. Lakini tuangalie vizuri. Kijana yule haonji. Anameza haraka, peke yake, bila chakula, bila mukubwa wa kumumiminia wala kumwambia "imetosha". Desturi za wazee wetu zilikuwa na kipimo: nani anapewa kwanza, kibuyu kinazunguka namna gani, nani haruhusiwi. Tulipotupa desturi, pombe ilibaki. Kipimo ndicho kilichokwenda. Wale ambao dini yao inawakataza pombe wana njia yao safi, nasi tunaiheshimu. Hata hivyo munkoyo ya siku ya kwanza ni yao pia.

Sisi kwa upande wetu tumeanza kitu kidogo. Tangu mwaka 2019, tunapofika kwenye somo la enzimu katika darasa la nne, hatuanzi tena na kitabu. Mama anakuja shuleni na sufuria yake, na wanafunzi wanaangalia uji ukigeuka mbele ya macho yao. Wanapima joto, wanaandika dakika, wanaonja kabla na baada. Kila mwanafunzi anapewa kazi ya kumuuliza nyanya yake au jirani muzee: kwenu mulitumia muzizi gani, jina lake nani katika luga yenu, mulichimba wapi, wakati gani wa mwaka? Mupaka sasa tuna daftari mbili zilizojaa, zenye majina ya Kilamba, Kibemba, Kiluba na Kisanga.

Tunaomba wanamemba wa chama chetu, na kila musomaji mwenye muzee nyumbani, wafanye vile vile. Musingojee UNESCO. Chukueni daftari, kaeni karibu na sufuria, ulizeni, andikeni joto, siku, jina la muzizi na pori lake. Halafu pandeni hata miche michache nyuma ya nyumba, kabla ya shoka la makala kufika huko pia. Mama ametuahidi kwamba mwaka huu, mvua ikianza, atatuonyesha mahali pamoja upande wa Sakania ambapo bado anajua mizizi iko. Wanafunzi 12 wamejiandikisha kwenda naye.